Tope Lililofunika Shamba Lako

Kwetango, Lushoto
18 Agosti 2024

Kaka yangu Abrahamu,

Shikamoo kaka. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Eliza pamoja na watoto, na kwamba ile homa iliyomsumbua Emanueli mwezi wa sita imekwisha kabisa. Huku sisi sote tu wazima. Goti la mama bado linamsumbua asubuhi kukiwa na ukungu, lakini jua likichomoza anashuka mwenyewe mpaka kanisani, na ukitaka kumshika mkono anakufokea kwa Kishambaa mbele ya watu. Janeth wangu yuko darasa la sita sasa, amekuwa mrefu kuliko mimi. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali hata migomba ya nyuma ya nyumba ikaungua majani. Zaidi ya hapo hatuna la kulalamika.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu tangu Julai, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama machungwa ya Muheza yameiva. Nikiisikia sauti yako maneno yanarudi tumboni. Kwa hiyo nimeandika, na nimempa Mzee Nassoro, anayeshusha kabichi huko kila Jumatano, akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome yote kabla hujasema lolote.

Nianze na kazi. Unalikumbuka lile lundo la kijivu nyuma ya kiwanda cha karatasi, ambalo watu wa huku wanaliita uji. Ulipoondoka lilikuwa kimo cha nyumba. Mwaka juzi lilikuwa limefikia kimo cha mnara wa tangi la maji, na kila mvua ikinyesha linatambaa kidogo kuelekea kijitoni. Kiwanda chetu kinachemsha karatasi chakavu na kutengeneza karatasi za chooni na maboksi, na kila kinachoshindwa kugeuka karatasi kinaishia kwenye bwawa la kutulizia maji, kisha kwenye lile lundo. Watu wa mazingira walikuja, wakapima, wakatoa muda. Meneja wa zamani alihamishwa, akaletwa mama mmoja anaitwa Secilia, mtu wa Bumbuli, mpole wa sauti lakini hasahau neno. Wiki yake ya kwanza aliingia maabara, akaniuliza mimi niliyekuwa nikipima maji kila siku kama kwenye lile tope hakuna chochote cha maana.

Nilimjibu kuwa sijui, maana hakuna aliyewahi kuniuliza. Jioni ile nilichukua ndoo moja ya uji, nikaumimina juu ya chekecho la jikoni kwangu, nikaumwagia maji polepole. Juu ya chekecho pakabaki nyuzinyuzi, laini kama pamba iliyolowa. Chini kwenye beseni yakatuama maji meupe kama tui, na asubuhi yake maji yakiwa yametulia, kitakoni palikuwa na unga mweupe mzito. Niliumwagia siki kidogo ukatoa povu, chaa! Nikajua humo mna chokaa. Karatasi nyeupe za vitabu na za ofisini hupakwa chokaa na udongo mweupe ili ziwe laini, na sisi tunapozichemsha ule weupe wote tunautupa. Kaka, nilikaa chini nikacheka peke yangu. Miaka yote tunakwepa lile lundo na harufu yake, kumbe ni vitu viwili vyema vilivyochanganyika vibaya.

Mama Secilia hakucheka. Alitaka nirudie mbele yake mara tatu. Kisha akatoa banda la zamani la maboksi, akaagiza machekecho makubwa na matangi, akasema anataka watu sita, na mmoja wao lazima awe anayajua mabwawa na mifereji yake kama nyumba yake. Kila mtu pale alitaja jina moja. Ndivyo Athumani, mlinzi wa zamani wa mabwawa, alivyorudi kiwandani.

Najua jina hilo hulipendi. Mlikua pamoja, mlichunga mbuzi pamoja, na akina mama walikuwa hawajui nani alale kwa nani. Lakini tangu siku ile ulipomwita mwongo sokoni Soni hujamtaja tena. Nakuomba uvumilie, kwa sababu habari hii haielezeki bila yeye.

Alikuja siku ya Jumatatu na buti zake mwenyewe. Zamani alikuwa akiniita mdogo wangu. Siku hiyo alinisalimia, akaniita Bi Rahabu, na tangu hapo ndivyo anavyoniita. Kazi anaifanya vizuri kuliko sisi wote. Yeye ndiye aliyegundua kwamba tope la chini ya lundo, lililokaa muda mrefu, linachekecheka kwa urahisi likilowekwa kwanza siku mbili. Nyuzi tunazikandamiza kwenye kalibu, tunapata trei za mayai na vikopo vya kuoteshea miche, tunavianika juani kwenye kamba. Trei za kwanza zilikuwa zinapasuka ukizitazama tu. Sasa mama mmoja wa Mponde anachukua vikopo kwa ajili ya miche ya chai, anasema mche unaingia ardhini na kikopo chake na mizizi haiguswi.

Ule unga mweupe ndio uliotupa shida. Unajua udongo wetu ulivyo mchachu, mvua za milimani zimeuosha miaka na miaka. Niliona unga ule ungefaa kuupoza. Lakini wewe mwenyewe ulishuhudia tope lile lilivyolifanya shamba lako, na mimi niliogopa. Mama Secilia alipeleka sampuli Dar es Salaam mara mbili, wakatafuta sumu za wino na vyuma, wakajibu kuwa unaweza kutumika kwa kipimo na usiwekwe karibu na maji. Bwana shamba wetu mpya, kijana anaitwa Kristian, ndiye aliyenieleza kilicholipata shamba lako. Alisema halikuwa na sumu. Zile nyuzi zilipokuwa zinaoza ardhini zilikuwa zinakula mbolea yote ambayo mimea ingekula, ndiyo maana maharage yako yalitoka ya njano msimu wa kwanza, na ya pili yakawa ya njano zaidi. Ungengoja zioze zote, au ungelijaza samadi, lingepona. Hakuna aliyejua kukuambia, nawe ukaamini ardhi imekufa, ukaliacha ukashukia Muheza.

Hapa nina la kukuomba msamaha, na hili ni dogo. Mwezi wa tatu niliingia shambani kwako bila ruhusa yako. Nilichimba mahali patano nikapima udongo. Nyuzi zilikuwa zimeoza zote, chokaa imebaki, na ule uchachu umepungua kuliko shamba lolote la bonde hili. Nilimwita Kristian akapima naye, akaniangalia kama nimeficha kitu. Basi nikaweka samadi, na mwezi wa tano nikapanda kabichi kwenye matuta kumi na mawili na karoti kwenye manne, nikijisemea kwamba nitakwambia zikifa au zikipona. Zimepona, kaka. Kabichi zimefunga ngumu, ukigonga moja inalia. Mama alishuka mwenyewe kuziona, akakaa juu ya lile jiwe la mpakani, kisha akaniambia nikuchumie mbili nikupelekee. Zipo kwenye kiroba alichokuletea Mzee Nassoro.

Ningependa barua iishie hapo. Nimeiandika mara mbili ikaishia hapo, nikaichana.

Mwishoni mwa Juni tuliambiwa kwamba wageni kutoka wilayani watakuja kuona kazi ya uji, na wanakijiji wote wataalikwa. Mama Secilia aliandaa bango kubwa la maelezo lenye picha. Siku moja mchana alituita uwanjani tunakoanika trei, akatusomea maneno ya bango ili tumwambie palipo na kosa. Alianza na historia, aliyoitoa kwenye faili la zamani. Akasoma kwamba masika ya mwaka 2020, kutokana na uzembe wa mlinzi wa mabwawa, tope lilimwagika bondeni na kuharibu mazao ya mkulima mmoja.

Athumani alikuwa amebeba rundo la trei begani. Alisimama mpaka Mama Secilia alipomaliza. Sote tulikuwa tunaangalia chini. Kisha akasema, kwa upole kabisa, “Mama, hapo kwenye ukubwa wa bwawa umekosea. Si mita thelathini, ni arobaini.” Mama Secilia akamshukuru, akasahihisha. Athumani akaendelea kupanga trei zake.

Kaka, hakusahihisha kingine.

Siku ile sikula. Wewe ulinilea baada ya baba kufariki. Wewe ulibeba sanduku langu begani kupandisha mpaka shuleni Kifungilo, wenzangu wakadhani wewe ndiye baba yangu, nami sikuwakatalia. Kwa hiyo nalisema hili kwako nikijua ninamwambia nani.

Athumani hakunisingizia. Alichosema juu yangu ni kweli tupu.

Alhamisi ile ya tope, mvua ilikuwa na siku ya tatu. Mchana Athumani alikuja mlangoni pa maabara akihema. Hidaya alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya wakati na hapakuwa na mtu wa kumpeleka zahanati. Aliniomba nimwangalizie bwawa kwa muda wa saa moja hivi, akanieleza kwamba maji yakifika kwenye mstari mwekundu nimwite fundi mkuu, na akaniambia mara mbili nisiguse geti, kwa sababu usukani wake ukishazunguka haurudi. Nilimwambia aende haraka, mtoto hangoji.

Saa tisa maji yalikuwa yamepita mstari mwekundu. Sikumwita fundi. Nilijiona msomi. Nilikuwa nimepima maji yale miaka sita, nikasema nifungue kidogo tu yapungue, kisha nifunge, na hakuna haja ya kusumbua watu kwenye mvua. Nilizungusha usukani nusu duara. Geti likafunguka, likakwama. Nilivuta kwa mikono, nikavuta kwa uzito wangu wote mpaka viganja vikachubuka. Kwanza yalitoka maji, kisha likafuata tope. Nilisimama pale nikaliona linashuka taratibu, zito, kijivu, na nilijua linaelekea shamba la nani, kwa sababu kwenye ule mkondo halipo jingine. Kabichi zako zilikuwa zimebakiza wiki mbili.

Nilirudi maabara. Niliosha buti. Nilivaa koti kavu. Waliponiuliza, nilisema sikutoka maabara mchana wote.

Ni hilo tu nililosema, sentensi moja. Lakini Athumani hakuwepo lindoni kwake, na hilo kila mtu alilijua. Alipoeleza kwenye kikao kwamba aliniachia mimi, meneja wa wakati ule alinigeukia akaniuliza, nikairudia ile ile sentensi yangu. Athumani akafukuzwa kazi siku hiyo, mke wake akiwa bado zahanati na mtoto wa siku nne. Naye alipokuja kukueleza wewe, rafiki yake, pale sokoni, ukamwita mwongo mbele ya watu, ukamwambia asikanyage tena kwenu mtu anayemchafua mdogo wako. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nimebeba kikapu cha mnavu. Ulinishika bega kunitoa pale. Nilikuacha unishike.

Nimetafuta sababu. Nilikuwa na Janeth mdogo na baba yake ameshaondoka, nilihofia kazi. Hiyo ni kweli, lakini siyo yote. Sikuweza kuvumilia wewe unione nimekosea. Ulikuwa unanitaja kwa watu kwa fahari.

Asubuhi iliyofuata ile siku ya bango nilimwendea Mama Secilia nikamweleza kama nilivyokueleza. Alivua miwani, akaniuliza kama nimeshamwambia Athumani. Nikasema bado. Akasema basi nimekuja pasipo pangu, nianzie kwa Athumani.

Nilikwenda alasiri. Hidaya alikuwa barazani anachambua maharage, na yule mtoto, Fatuma, ana miaka minne sasa, anaruka ruka na ungo kichwani. Nilisimama nikasema yote mbele yao wote wawili, sikukaa. Athumani alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Bi Rahabu, mimi nilikuwepo kikaoni. Nilikuwa nangoja uinue mkono.” Akasema yeye hajawahi kuhitaji kuambiwa jambo analolijua. Alichohitaji ni wengine waambiwe. Nilimgeukia Hidaya. Hakuinua macho kwenye maharage yake. Alisema tu, “Kaka yako alikuwa anakula hapa.” Nikaaga.

Mama nilimwambia usiku huo huo. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaniambia kwa Kishambaa nikuandikie mwenyewe, yeye hatanibebea maneno.

Wageni walikuja tarehe ishirini na tano Julai. Bango lilikuwa limeandikwa upya, na Mama Secilia alinitaka nilisome mimi, kwa sauti, mbele ya wageni na mbele ya kijiji. Nilisoma mpaka pale palipoandikwa kwamba geti lilifunguliwa na mpima maji, na kwamba mlinzi alisingiziwa. Niliongeza jina langu ingawa halikuandikwa. Nilisikia trei zinavyogongana kwa upepo kwenye kamba. Mama yetu alikuwa mstari wa mbele. Hakuondoka.

Nilisimamishwa wiki mbili. Maabara nimeondolewa, na ni haki. Nimerudishwa kwenye machekecho, nasafisha tope na wenzangu, na msimamizi wa uwanja mzima sasa ni Athumani, kwa barua yenye muhuri inayosema pia kwamba hakuwa na kosa la kumwaga tope lile. Hidaya ameitundika ukutani. Athumani ananipangia zamu kama anavyowapangia wengine, hanionei wala hanipendelei. Juzi nilipomaliza tangi la tatu alipita akaangalia, akasema nyuzi zimetoka safi, akaenda zake. Hajasema amenisamehe, nami simuulizi.

Wewe pia sikuombi uniambie hivyo. Kuna wakati utakuwa umeisoma barua hii nusu ukaiweka kando ukatoka nje, najua. Ukirudi, jua kwamba shamba lako lipo, limelimwa, mipaka yake sijaigusa, na ni lako uje usije. Karoti zitakuwa tayari katikati ya mwezi wa tisa. Nikiwa sistahili kukuona ukija, nitashinda kiwandani siku hiyo, mama atakupokea.

Nisalimie sana wifi Eliza, mwambie kitenge alichomtumia mama kimeshonwa na amekivaa mara mbili kanisani. Nisalimie Emanueli na Glory, waambie shangazi anawakumbuka. Janeth anakupa shikamoo. Mama anasema vaa sweta ukipanda huku, anasahau kwamba ulizaliwa kwenye baridi hii.

Na ukiona vema kujibu, kaka, usianze na mimi. Mpigie Athumani. Namba yake ni ile ile, hajaibadilisha.

Ni mimi mdogo wako,

Rahabu